Ni kweli, lakini inakuhusu? Jinsi mwenye kisukari anavyochagua cha kusoma

Andika neno "kisukari" kwenye simu na papo hapo utaletewa mchanganyiko usio na mpangilio: mwongozo wa hospitali ya Marekani, video ya muuza unga wa mlonge, ushuhuda wa mama aliyeacha sindano, tangazo la mashine ya kupimia sukari. Hakuna anayesoma vyote. Kila mtu huchagua, tena kwa haraka, kwa kutazama kichwa cha habari, picha na mistari miwili ya mwanzo. Peter Pirolli na Stuart Card, watafiti wa maabara ya Xerox huko California, waliieleza tabia hii katika makala yao ya mwaka 1999: msomaji hufuata harufu ya habari kama mnyama anavyofuata harufu ya windo, na harufu ikififia anahamia kwingine. Anayetafuta bei ya simu akifuata harufu isiyo yake hupoteza dakika tano. Mwenye kisukari anaweza kupoteza zaidi ya hapo.

Kinachomvuta mgonjwa kwanza ni kufanana. Akiona "mimi pia nilikuwa na sukari 18", anasimama na kusoma. Hilo si ujinga. Mtu aliyeishi na ugonjwa anajua mambo ambayo daktari hana muda wa kuyaeleza: insulini inatunzwaje nyumba isiyo na friji, ukichoma kidole ubavuni unaumia kidogo kuliko ukichoma ncha, msibani unakula nini. Tatizo ni kwamba kufanana tunakokuona ni kwa umri, mji, dini na lugha, wakati kufanana kunakoamua kama ushauri utakufaa ni kwa aina ya kisukari, dawa unazomeza na hali ya figo zako. Ndiyo maana swali la "je, ni kweli?" linapaswa kusubiri kidogo nyuma ya jingine: je, inanihusu? Habari nyingi zinazowadhuru wagonjwa ni za kweli kabisa, ila ni za mtu mwingine.

Kadi ya mistari sita

Kabla ya kusoma chochote, andika kikaratasi na ukiweke nyuma ya kava la simu. Mstari wa kwanza: aina ya kisukari na mwaka ulipogundulika. Wa pili: dawa zote, za kisukari na zisizo za kisukari, pamoja na dozi. Wa tatu: HbA1c ya mwisho, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi miwili hadi mitatu, na tarehe yake. Wa nne: kipimo cha figo, yaani kreatinini au kile kiwango cha uchujaji ambacho maabara huandika eGFR. Wa tano: presha. Wa sita: mengineyo, kama ujauzito, selimundu, ugonjwa wa ini, macho. Usiyoyajua uyaulize kliniki. Mengi yapo kwenye faili lako.

Kila mstari una kazi. Mwili wa mwenye aina ya 1 hautengenezi insulini, au unatengeneza kidogo mno. Akiacha sindano, damu huanza kujaa asidi ya ketoni, na ndani ya siku moja au chache anaweza kuwa mahututi. Mwenye aina ya 2 aliyepungua kilo nyingi anaweza kuacha sindano chini ya uangalizi na akabaki salama. Wote wawili husema "nina kisukari", na ushuhuda wa "niliacha sindano" mara nyingi hautaji aina. Aina isipotajwa, uruke ushuhuda huo. Kuna mtego mwingine hapa: baadhi ya watu wazima huambiwa wana aina ya 2 kwa sababu ya umri tu, kumbe ni aina ya 1 inayokuja polepole. Mtu mwembamba ambaye vidonge vilimwishia nguvu mapema ana haki ya kuuliza kama aina yake imethibitishwa.

Mstari wa dawa ndio unaookoa watu wengi zaidi. Chukua ushauri unaozunguka sana siku hizi: acha wanga kabisa, au funga saa 16 kwa siku. Anayetumia metformini peke yake akifanya hivyo, sukari yake kwa kawaida haishuki hadi kiwango cha hatari, kwa sababu kazi kubwa ya metformini ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu kinachopatikana karibu kila duka la dawa, hufanya kazi tofauti kabisa: inalisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Mtu wa glibenklamidi akiacha ugali na chapati ghafla huku akimeza dozi ileile, anaweza kuanguka jasho likimtoka, asijue kilichompata. Akiwa mzee hatari inaongezeka, maana dawa hukaa mwilini muda mrefu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na gliklazidi, dawa nyingine ya kundi hilohilo, ndiyo inayotangulizwa. Kwa hiyo ukikuta makala ya mlo isiyogusa dawa hata kwa sentensi moja, ujue aliyeiandika hakukuandikia wewe.

Ramadhani huonyesha jambo hili wazi zaidi. "Wenye kisukari wanaweza kufunga" na "wenye kisukari wasifunge" zote ni sentensi za kweli, kila moja kwa watu wake. Wa metformini peke yake, ambaye sukari yake imetulia, yuko kwenye kundi la hatari ndogo. Wa aina ya 1 ambaye sukari yake haijadhibitiwa, aliyewahi kuzirai kwa sukari kushuka hivi karibuni, au mwenye figo zilizochoka sana, yuko kwenye kundi la hatari kubwa. Miongozo ya kimataifa inamtaka mfungaji afungue mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (milimoli kwa lita), hata kama magharibi imebaki nusu saa, na inasisitiza kwamba kupima kwa kuchoma kidole hakubatilishi saumu. Andiko la Ramadhani lisilo na namba hizo, au lisilotenganisha wa vidonge na wa sindano, ni la nia njema tu.

Mstari wa figo watu wengi huuacha wazi, nao unabadilisha mengi. Metformini haitumiki eGFR ikiwa chini ya 30. Ushauri wa kubadili chumvi ya kawaida kwa chumvi ya potasiamu, ambao ni mzuri kwa wengi wenye presha, unaweza kuleta shida ya moyo kwa mwenye figo dhaifu, hasa akiwa kwenye dawa za presha za kundi la enalaprili au losatani, kwa kuwa potasiamu hujilimbikiza. Na selimundu? HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku zipatazo 120. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu chembe hufa mapema, kwa hiyo kipimo husoma chini kuliko hali halisi. Upungufu wa madini ya chuma huweza kukivuta upande wa pili, kikasoma juu. Kwa watu hawa makala nzima kuhusu "lengo la asilimia 7" inahitaji tahadhari, hata iwe imeandikwa na profesa.

Namba isiyo na kipimo

Tanzania, Kenya na Uingereza hupima sukari kwa milimoli kwa lita. Marekani na India hutumia miligramu kwa desilita. Maandishi ya Kifaransa, ambayo wasomaji wa Kongo na Burundi hukutana nayo, mara nyingi huandika gramu kwa lita. Sukari ileile ya asubuhi kabla ya kula, inayotosha kuitwa kisukari ikirudiwa, itaandikwa 7.0, 126 au 1.26 kutegemea nani anaandika. Kutoka milimoli kwenda miligramu zidisha kwa 18. Kurudi gawanya kwa 18. Mtu akisoma kwamba "180 baada ya kula si mbaya" na mashine yake inaonyesha 18, wanazungumzia vitu viwili tofauti: ile 180 ni 10, na hiyo 18 ni 324.

Mkanganyiko mbaya zaidi ni wa namba 7 yenyewe, maana ipo sehemu mbili. Sukari ya 7 asubuhi kabla ya kula ni kitu kimoja. HbA1c ya asilimia 7 ni kingine, na inalingana na wastani wa sukari wa 8.6 usiku na mchana. Uingereza nayo huandika HbA1c kwa namba nyingine kabisa: asilimia 7 ni 53, asilimia 6.5 ni 48. Anayesoma "HbA1c yangu ni 48" akadhani ni janga, kumbe mwenzake anashangilia.

Kwenye sindano, kosa la kipimo halisubiri. Insulini iliyozoeleka ni ya uniti 100 kwa kila mililita. India na nchi nyingine kadhaa bado wanauza pia ya uniti 40, na ina bomba lake. Mtu akivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari wa 20, atakuwa amevuta nusu mililita, yaani uniti 50, mara mbili na nusu ya alichokusudia. Video ya "namna ya kujidunga" ambayo haionyeshi maandishi ya chupa na ya bomba kwa karibu haifai kufuatwa, hata kama anayeonyesha amevaa koti jeupe.

Shuhuda na wasiorudi

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni ya magari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kutibika. Shuhuda zilijaa redioni na magazetini, na wengi wa walioshuhudia walisema walichokiamini. Lakini anayeshuhudia ni yule aliyejisikia vizuri na aliyekuwa na nguvu za kusimama. Aliyeacha vidonge akazidiwa nyumbani hakuitwa na mwandishi yeyote. Hilo ndilo la kukumbuka kwenye kila ukurasa wa shuhuda: unasoma waliobaki.

Ushuhuda mzuri una alama zake, na upo. Unataja aina, dawa alizokuwa anatumia wakati huohuo, sukari kabla na baada kwa kipimo kilekile, muda, na kilichomshinda. "Nilikunywa mlonge sukari ikashuka kutoka 14 hadi 7" haina maana mpaka ujue kama wiki ileile alianza metformini, aliacha soda, au alipima mara ya kwanza akiwa na malaria. Maambukizi hupandisha sukari. Yakiisha inashuka yenyewe, na sifa huchukuliwa na kilichokuwa kwenye kikombe siku hiyo.

Dawa ya asili inayoshusha sukari kwa kasi ya ajabu ndani ya siku mbili isikufurahishe upesi. Singapore mwaka 2008 zaidi ya watu 100 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na baadhi walikufa. Wengi walikuwa wametumia dawa haramu za nguvu za kiume zilizokutwa na glibenklamidi ndani yake. Unga usio na orodha ya viambato na namba ya usajili wa mamlaka ya dawa, kama TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, unaweza kuwa na chochote. Neno "asili" kwenye kopo halijapimwa maabara.

"Utafiti umeonyesha"

Sentensi hii inabeba mizigo ya uzito tofauti sana. Mdalasini ni mfano mzuri kwa watu wa pwani. Mwaka 2003 utafiti wa Pakistan uliwapa watu gramu 1, 3 au 6 za mdalasini kwa siku kwa siku 40, na sukari ikashuka. Waliokuwamo wote, pamoja na wale wa kulinganishia, walikuwa 60. Utafiti huo bado unatajwa kila mahali. Kinachotajwa mara chache ni mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalopitia tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 10 yenye washiriki 577 na hayakuona ushahidi wa kutosha kwamba mdalasini unashusha HbA1c. Siku 40 zenyewe hazitoshi kuipima HbA1c vizuri, kwani hiyo ni picha ya miezi miwili hadi mitatu. Ongeza na hili: mdalasini wa kasia, ule wa magome manene magumu, una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini kwa watu ambao miili yao haiistahimili, ilhali wa Ceylon, wenye magome membamba yaliyokunjamana kwa tabaka, unayo kidogo mno. Kijiko kwenye pilau hakina neno. Vijiko kila siku kwa miezi ni habari nyingine.

Kinyume chake kuna utafiti mkubwa unaosomwa vibaya. Jaribio la DiRECT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2017, liligundua kwamba asilimia 46 ya waliopewa mpango wa kupunguza uzito walikuwa, baada ya mwaka mmoja, na HbA1c chini ya asilimia 6.5 bila dawa yoyote ya kisukari. Waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifika hapo. Hizi ni habari kubwa, na zinastahili kusomwa. Sasa toa kadi yako. Washiriki walikuwa na aina ya 2 iliyogundulika ndani ya miaka sita, walikuwa na uzito uliozidi, na hakuna aliyekuwa akitumia insulini. Walikula kati ya kalori 825 na 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, za vinywaji na supu maalumu, huku dawa zao za kisukari na za presha zikisimamishwa na wahudumu tangu siku ya kwanza. Baada ya miaka miwili asilimia 46 ilikuwa imeshuka hadi 36. Kichwa cha habari kitasema "kisukari kinapona". Mtu mwembamba mwenye miaka 15 ya ugonjwa na uniti 40 za insulini hayumo ndani ya jaribio hilo, na akijinyima chakula kwa kulifuata atajiumiza.

Asilimia nazo zina ujanja. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza wa mwaka 1998, ambao umejenga tiba ya kisukari mpaka leo, uliona kwamba kubana sukari kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25. Kwa hesabu ya vichwa: kati ya watu 1,000 kwa mwaka, matukio yalishuka kutoka 11.4 hadi 8.6, na sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa watu wachache zaidi kuhitaji miale ya leza machoni. Namba zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inauza, ya pili inakusaidia kuamua. Ukiona asilimia peke yake, tafuta "kati ya watu wangapi, kwa miaka mingapi". Isipokuwepo, mwandishi ameificha au hakuijua.

Tarehe pia. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji kadhaa kurudisha baadhi ya matoleo ya metformini ya kutolewa polepole, kwa sababu yalizidisha kiwango cha NDMA, kichafuzi kinachoshukiwa kusababisha saratani, ambacho kikomo chake kilikuwa nanogramu 96 kwa siku. Metformini ya kawaida haikuguswa na agizo hilo, na mamlaka ileile iliwaambia wagonjwa wasiache dawa kabla ya kuongea na daktari. Ujumbe wa "metformini inaleta saratani" bado unasambazwa kana kwamba umeandikwa jana, bila mwaka, bila toleo, bila neno "baadhi".

Namna ya kutafuta na kuchuja

Maneno unayoyaandika ndiyo yanayoamua unacholetewa. Ukiandika "mlonge unaponya kisukari" umeshamwambia mtambo unataka kukubaliwa, na utakubaliwa. Andika "mlonge kisukari madhara" au "mlonge na metformini", na watu tofauti watajitokeza. Ukijua Kiingereza kidogo, PubMed, hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba, ni bure, na MedlinePlus ya Marekani ina vijarida vya afya kwa Kiswahili. Muhuri si kitu cha kutegemea: HONcode, alama ya Geneva iliyothibitisha tovuti za afya tangu miaka ya 1990, ilifungwa mwishoni mwa 2022, hivyo tovuti inayouonyesha leo haikaguliwi na mtu kupitia muhuri huo.

Ukifungua ukurasa, anzia chini. Hapo ndipo huwa tarehe, jina la mwandishi na kitufe cha "agiza sasa". Kisha tafuta mambo matatu ndani: aina ya kisukari, jina la dawa, na namba yenye kipimo. Kazi hii haimalizi dakika mbili. Ukurasa uliokosa yote matatu ufunge, hata ukiwa umeandikwa kwa upole wa namna gani. Uliopita usomwe wote, kisha jiulize unakutaka ubadilishe nini. Ukikutaka ubadilishe chakula au mwendo bila kugusa dawa, na huna vidonge vinavyoshusha sukari kama glibenklamidi wala insulini, jaribu huku ukipima. Ukurasa ukigusa dawa, uhifadhi, uende nao kliniki pamoja na kadi, na uulize swali lenye mwisho: "Kwa dawa hizi, nikifuata hili, dozi ipi ipungue na kwa kiasi gani?" Swali hilo hujibiwa. "Daktari, nimesoma mtandaoni kwamba..." huishia kwenye mguno.

Yapo mambo ambayo hayana haja ya kutafutwa wakati yanatokea. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au unatetemeka na jasho linakutoka huku huna mashine, kula gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka kwanza: karibu vijiko vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda isiyo ya "zero", kisha pima tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa haijapanda. Aliyezimia asinyweshwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Anayetapika huku sukari iko juu, anapumua kwa nguvu na kwa kina au tumbo linamuuma, awahishwe siku hiyohiyo, hasa akiwa wa sindano. Kidonda cha mguuni kilichoanza kunuka, kubadilika kuwa cheusi au kuvimba hadi kifundoni kinahitaji mtu wa kukitazama kwa macho leo, na kisifunikwe na chochote kutoka kwenye video.